Mbwa Aliyealikwa Krismasi

Paukwa.

Pakawa.

Mmekaa vizuri?

Tumekaa.

Mwenye masikio?

Atasikia.

Mwenye mkia?

Aukunje, usikanyagwe.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na mtu aitwaye Anaeli. Aliishi mlimani, kwenye migomba na kahawa, yeye na mkewe Nderikyo na binti yao mchanga, Aikande. Walikuwa na paka, na walikuwa na mbwa aitwaye Subiri.

Paka alilala ndani, juu ya kitanda. Mbwa alilala nje, langoni. Chui akija, kazi ya mbwa. Mwizi wa ndizi akija, kazi ya mbwa. Panya akija, paka alitoka akamwamsha mbwa.

Sasa huyu Anaeli alikuwa mtu wa maneno matamu. Krismasi ilipokaribia, alisimama mbele ya watu kanisani akasema, "Mwaka huu kwangu hakuna wa kubaki nje. Hata mbwa wangu atakaa karamuni."

Watu wakampigia makofi. Anaeli akaketi ameridhika, kama mtu aliyekwisha kutenda.

Habari zikamfikia mbwa. Basi mbwa, aliyekuwa anachukia maji kuliko anavyomchukia chui, akaenda mtoni akaoga. Akajikausha juani. Akajilamba miguu mpaka kucha zikang'aa.

Siku yenyewe ikafika. Mbuzi mnono akachinjwa, akabanikwa mzima, akasimamishwa mezani na majani mdomoni. Ndiyo ndafu hiyo, watu wangu. Harufu yake ilivuka bonde.

Mbwa akamwendea bwana wake. "Bwana, nimekuja karamuni."

Anaeli akasema, "Subiri."

Mbwa hakujua kama ameitwa au ameambiwa. Akakaa chini.

Wageni wakafika. Mbwa akamwendea tena. "Bwana, nimekuja karamuni."

"Wageni hawajanawa mikono. Subiri."

Wageni wakanawa. Mbwa akaenda mara ya tatu. "Bwana, nimekuja karamuni, na nimeoga."

Anaeli akamtazama, akacheka. Akamfunga utepe mwekundu shingoni na kumvika kofia ya karatasi kichwani. Akamkalisha mbele ya wageni wote, akamwita mpiga picha. "Tupige, waone tunavyowapenda wanyama huku kwetu."

Picha ikapigwa. Wageni wakasema, "Jamani, Anaeli ana moyo." Picha ilipokwisha, Anaeli akamshika mbwa kwa ule utepe, akampeleka langoni, akamfunga kamba.

Paka alikuwa amekaa juu ya mto, dirishani. Akamwambia, "Ndugu yangu, ulidhani kualikwa ni kula? Wewe ulialikwa ili utajwe."

Mbwa alikuwa na njaa, na kofia ilikuwa inamwangukia jichoni.

Ng'ambo ya bonde palikuwa na Fisi. Harufu ya ndafu ilimfikia, mate yakamdondoka. Akapita nyuma ya nyumba ya katekista, akakuta suti imeanikwa. Akaivaa. Akavaa na kofia pana, akaja zake, anachechemea.

Alipofika langoni, mbwa akabweka. "Bwana, huyu ni fisi."

Anaeli akaja mbio. Akaiona suti. "Nyamaza," akamwambia mbwa. "Karibu, mheshimiwa."

Fisi akasema, "Hamnijui? Mimi ni mjomba wenu wa mjini."

Anaeli akawaza, huyu ni ndugu wa mke wangu, nisimwaibishe. Nderikyo akawaza, huyu ni ndugu wa mume wangu, nisimwaibishe. Wageni wakawaza, mtu mwenye suti namna hii lazima awe ndugu wa mtu. Fisi akapewa kiti cha mbele.

"Mbona anachechemea?" mgeni mmoja akauliza.

"Ni viatu vya ngozi," mwenzake akamjibu. "Wewe hujawahi kuvaa, huwezi kujua."

Ndafu ikaanza kukatwa. Kwa adabu, mjomba wa mjini akaachiwa aanze. Akaanza. Akala paja, akala mbavu, akala na mifupa yake. Wageni wakaangalia sahani zao tupu.

Mbwa akabweka. "Bwana, mtu gani anatafuna mifupa?"

Anaeli akatoka, uso umemwiva. "Watu wa mjini hawabagui chakula. Unanitia aibu mbele ya wageni. Ukibweka tena, leo hii unahama hapa." Akamhamisha, akamfunga nyuma, kwenye migomba.

Ndafu ikaisha. Majani yaliyokuwa mdomoni yakaisha. Fisi akajifuta kwa kitambaa cha meza, akatazama huku na huku, akamwona Aikande mapajani mwa mama yake. Mtoto mnono, mashavu kama maandazi.

"Hebu nipe mwanangu nimbebe," akasema kwa sauti laini. "Humu kuna joto. Nimtoe nje apate hewa."

Nderikyo akasita. Moyo ulimwambia hapana. Akamtazama mumewe.

Anaeli akasema, "Mama Aikande, mpe mjomba mtoto. Usimfanyie mtu mzima hivyo."

Akampa.

Fisi akatoka na mtoto, pole pole, akimwimbia. Alipopita kona ya nyumba, akaacha kuimba. Akashika njia ya migombani.

Mbwa akamwona. Akafungua kinywa abweke, akakumbuka alivyoambiwa. Nikibweka, nitafukuzwa. Na nikibweka, atakayekuja atakuja kunipiga mimi, Fisi atavuka bonde. Basi akafunga kinywa, akaigeukia kamba. Akaitafuna. Kamba ikakatika.

Mbwa akaruka. Akamkamata Fisi kwa nyuma, akang'ata suruali ya katekista, akavuta. Suruali ikachanika mpaka kiunoni. Mkia ukatoka nje.

Fisi akalia kile kilio chake. Mtoto akamponyoka, akaangukia juu ya rundo la majani makavu ya migomba, akaanza kulia. Nderikyo alikuwa wa kwanza kufika. Wageni wakafika nyuma yake, wakauona mkia ukipotea bondeni na vipande vya suti vimebaki chini.

Kisha wakaanza.

"Mimi nilimshuku tangu mwanzo," mmoja akasema.

"Mimi niliona meno," mwingine akasema, "ila sikutaka kuingilia mambo ya familia."

Anaeli akambeba mbwa mikononi, akampeleka mezani, akamweka kwenye kiti cha mbele, kile kile, kikiwa bado na joto la Fisi. Akasimama kutoa hotuba. Akasema mbwa ni rafiki. Akasema mbwa ni ndugu. Akasema yeye tangu zamani aliwaambia watu juu ya mbwa huyu. Hotuba ikawa ndefu, na makofi yakawa mengi.

Mbwa akatazama meza. Palikuwa na sinia tupu na mafuta yaliyoganda.

"Bwana," akasema, "hotuba yako imenoga. Lakini hailiki."

Anaeli akaitazama sinia.

Nderikyo akaingia jikoni. Alikuwa amejiwekea kipande cha nyama chini ya chungu, maana mpishi hula mwisho, na wa mwisho mara nyingi hakuti kitu. Akakiosha kitoke pilipili na chumvi, akatoa mfupa, akakikatakata. Akamvua mbwa ile kofia na ule utepe. Kisha akaketi chini, kwenye udongo, na gauni lake la Krismasi, mtoto akiwa mgongoni.

"Shuka huko, baba," akamwambia mbwa. "Njoo tule."

Mbwa akashuka kwenye kiti cha heshima. Wakala wawili, kipande kwake, kipande kwa mama. Wageni wenye njaa wakasimama wanawatazama, na Anaeli akasimama nao, akiwa ameshika mikono yake kama mgeni kwa watu.

Basi wanangu, shikeni hili: ukimwalika mtu, mpe sahani, usimpe sifa. Na anayekulinda akipaza sauti, msikilize yeye kabla hujaitazama suti.

Hadithi yangu imekula ikashiba. Iliyobaki, wapeni walio nje.