Tusekile na Zimwi Lililobeba Nchi

Paukwa!

Pakawa!

Chini kuna nini?

Kuna chini zaidi.

Kaeni vizuri basi, na anayechokoa moto aache, moshi unaniumiza macho.

Palikuwa na kijiji begani mwa mlima. Kazi ya watu wake ilikuwa kuchonga mawe ya kusagia, na ardhi yao ilikuwa na tabia ya kutikisika. Kwanza ilibisha hodi, mara moja, haraka, vyungu vikagongana na mbwa wakabweka. Halafu kimya kidogo. Halafu ukaja mtikisiko wenyewe, mzito, ardhi ikapanda na kushuka kama mkeka unaokung'utwa.

Watu hao walikuwa na desturi yao. Wakisikia hodi ile, kila mmoja hukimbilia ndani akakumbatia nguzo ya kati. Walisema chini kuna zimwi, na nyumba isiyoshikwa na mwenyewe zimwi huichukua. Nani aliliona likichukua nyumba? Hakuna. Lakini nguzo walishika.

Siku moja hodi ikabishwa. Tusekile alikuwa mbali kidogo, anachonga jiwe. Mumewe Ambwene akaingia ndani kushika nguzo, na binti yao mdogo, Lugano, akamfuata baba yake. Mtikisiko ukaja. Nyumba ikamwangukia Ambwene, akafa palepale, kaikumbatia nguzo. Ardhi ikapasuka, Lugano akatumbukia.

Sauti ikatoka kwenye ufa. "Mama." Ikatoka tena, mbali kidogo. "Mama." Ikatoka mara ya tatu, mbali kabisa. "Mama." Basi.

Tusekile hakulia. Wanawake walikuja msibani wakalia, yeye akawaangalia. Walimpa ugali akala, na angepewa udongo angekula vilevile. Wakamwambia alie, akilia atapata nafuu. Machozi hayakuja. Alikuwa amekufa ganzi tangu unyayo hadi utosini.

Siku moja alikuwa kazini anapasua mwamba. Watu wale waliwasha moto juu yake, na mwamba ukishapata joto sana waliumwagia maji baridi, ukapasuka wenyewe. Basi Tusekile alijisahau, akaegemeza mkono juu ya jiwe la moto. Jirani ndiye aliyepiga kelele. Tusekile aliutazama mkono wake. Haukuuma, wala ngozi haikuungua.

Akaona kwamba kama moto haumpati, anaweza kumfuata mwanawe hata kwenye moto wa chini ya nchi. Akaingia kwenye ufa.

Alishuka akafika penye mwamba mgumu, mnene kuliko milima yote. Mwamba ukamwuliza anahisi nini. "Sihisi kitu. Nipishe." Ukampisha.

Akashuka penye mwamba wa moto, mlaini, unaojisogeza taratibu kama ugali unaosongwa na mvivu. Nao ukamwuliza anahisi nini. "Sihisi kitu. Nipishe." Ukampisha.

Akashuka penye chuma kilichoyeyuka kikawa uji, kinachemka. Nacho kikamwuliza. "Sihisi kitu. Nipishe." Kikampisha.

Katikati kabisa palikuwa na tonge la chuma kigumu, na zimwi limelikalia. Msiniulize lilikuwa na rangi gani, Tusekile hakujali kuangalia. Limebeba nchi, bamba moja la mwamba bega la kulia, bamba lingine bega la kushoto. Kiganjani limemfumbata Lugano, amelala, na moto haumfikii.

Tusekile akauliza kwa nini lilimwua mumewe.

"Sikumwua," zimwi likasema. "Mabamba haya hayatulii. Yanasukumana, yanakwama. Yakikwama mabega yananiuma. Basi nasukuma, yanaachia kwa kishindo. Huko juu sijui kuna nani."

"Watu wanashika nguzo, usichukue nyumba zao."

"Nyumba nizifanyie nini?"

Mtu mwingine angeanguka kwa neno hilo. Tusekile alisimama tu. Akaomba apewe mwanawe.

Zimwi likamweleza kwamba mtoto lilimweka limle. Joto la pale lilikuwa limelinyima usingizi tangu nchi iumbwe, na asiyelala ana njaa daima. "Nipe hiyo ganzi yako nijifunike, nilale. Mtoto mchukue."

Tusekile akasema akiivua pale ataungua yeye na mtoto. Wakapatana ajifunike nayo yeye na mwanawe mpaka juu, kisha airushe ufani.

"Ila mabamba yamekwama tena," zimwi likasema. "Leo lazima nisukume. Nikisukuma ndipo nitalala."

Basi akapanda, mtoto amelala mgongoni. Walipofika juu Lugano aliamka, akamkumbatia mama yake shingoni kwa nguvu zake zote. Tusekile hakuihisi mikono ile. Akaishika ganzi ili airushe kama alivyoahidi. Lakini alijua nyuma ya ganzi kuna Ambwene. Akasema moyoni, baadaye kidogo.

Akapita kijijini, mlango kwa mlango. Aliwaambia ardhi itatikisika leo, zimwi halichukui nyumba, wakae nje. Aliyasema hayo kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Watu walimshangilia Lugano wakambeba juu juu, lakini mama yake walimtazama kwa huruma. Mwanamke amerudishiwa mtoto wala hatabasamu, huyo ana akili kweli?

Mara hodi ikabishwa. Vyungu vikagongana, mbwa wakabweka. Watu wote wakakimbilia ndani. Na Lugano akamponyoka mama yake mkononi, akaingia nyumba ya jirani kushika nguzo, kama baba yake alivyomfundisha.

"Tokeni nje," Tusekile akasema. Hakuna aliyetoka.

"Tokeni nje." Hakuna aliyetoka.

"Tokeni nje." Sauti ilikuwa ileile, bapa. Nguzo zilishikwa.

Basi akaivua ganzi, akaitupa ufani.

Yakaja yote kwa pamoja. Mkono uliogusa jiwe la moto ukaungua. Shingo ikamuuma palipokumbatiwa. Akamwona Ambwene chini ya udongo, kana kwamba ni sasa hivi. Akapiga yowe.

"Mume wangu! Ambwene wangu mimi!"

Katika nchi ile, yowe la msiba likipigwa hakuna anayebaki ndani. Anayekula huacha tonge, anayenyonyesha hutoka na mtoto titini. Miguu huenda kabla kichwa hakijauliza. Watu wakaziachia nguzo, wakamiminika uwanjani, na Lugano alikuwa kati yao.

Ndipo mtikisiko ukaja. Nyumba zikaanguka zote, na ndani hamkuwa na mtu. Walisimama wakingoja zimwi lije lichukue nyumba tupu. Walingoja sana. Halikuja, maana lilikuwa limejifunika, limelala.

Lugano akamkuta mama yake amepiga magoti, analia kwa kwikwi.

"Mama, tumepona sote. Unalia nini?"

"Namlilia baba yako. Nilikuwa sijamlilia."

Mtoto akampangusa machozi kwa kiganja. Kiganja kilikuwa cha moto, na kina mchanga. Tusekile alikihisi.

Ngano yangu imekomea hapo, sina nyingine nyuma yake. Ardhi ikibisha hodi, tokeni nje, nguzo haina shida na mtu. Na aliyefiwa, mwacheni alie. Haya, kalaleni.