Ubao wa Mwalimu Mwakio

Jumamosi moja asubuhi, katika chumba kidogo kando ya kiwanja cha ndege, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo Mwalimu Elkana Mwakio, aliyefundisha urubani kwa miaka arobaini. Alikuwapo Bibi Damaris Mghoi, mfamasia. Alikuwapo Bwana Zefania Kilonzo, mwenye duka la mabati. Na alikuwapo Bwana Ibrahimu Ngeti, karani mstaafu, ambaye siku hiyo angepanda na mwalimu kwa mara ya kwanza. Hao watatu walijifunza kurusha ndege ndogo kwa kujifurahisha tu.

Mwalimu alikuwa na desturi. Kabla ya kuruka, kila mwanafunzi aliandika ubaoni jambo asiloliweza siku hiyo.

Bibi Mghoi aliandika: "Siwezi kutua upepo ukivuma ubavuni." Bwana Ngeti: "Siwezi lolote." Bwana Kilonzo akaandika: "Hakuna."

"Bwana Kilonzo, wewe leo utakunywa chai."

"Mwalimu! Nimesharuka saa thelathini!"

"Kunguru ameruka zaidi yako, na mvua ikija hutua. Chai iko pale."

Wenzake wakacheka, yeye akanuna. Kisha mwalimu akatazama dirishani, akasema kama alivyosema kila siku: "Nisomeeni mfuko wa upepo." Mfuko huo wa kitambaa ulining'inia mlingotini, mwisho wa kiwanja, kuonyesha upepo unakotoka. Wanafunzi waliamini kwamba huo ni mtihani.

Kilonzo, kwa kinyongo chake, akajibu: "Unatoka bondeni."

Ulikuwa ukitoka milimani.

"Vyema," akasema mwalimu. "Basi tutaruka kuelekea bondeni. Bwana Ngeti, twende."

Ndugu zangu, wewe ungefanya nini? Rubani anayeruka huku upepo unamsukuma mgongoni anaweza kumaliza kiwanja bado yuko chini. Lakini huyu ni mwalimu wako, mwenye mvi. Utamwambia macho yamemwisha? Wangapi kati yetu tungesema, "Heshima, heshima," tukamwacha mzee wa watu aende na Bwana Ngeti wake?

Bibi Mghoi akasimama mlangoni. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Si umeshaniamkia leo?"

"Nakuamkia tena kwa sababu ninalotaka kusema ni zito. Mfuko ule huuoni."

Kilonzo akainamisha kichwa. "Nilikudanganya, mwalimu. Nilidhani utanikemea."

Mwalimu akarudi ubaoni. Chini ya maneno yao akaandika: "Mwakio. Sioni." Akatundika ufunguo wa ndege msumarini, akaketi. "Bwana Kilonzo, nimiminie na mimi hiyo chai."

Tangu siku hiyo alifundisha akiwa chini. Hakurusha ndege tena.

Na sisi je? Sisi tunaoongoza kwaya, tunaoendesha magari, tunaosimama mimbarani kama mimi hapa: ubao tumewawekea wengine. Chaki tumewapa watoto wetu, wake zetu, waumini wetu. Sisi wenyewe tumeandika nini? Na yuko nani nyumbani kwako anayeweza kukuamkia mara ya pili, kisha akakwambia kweli? Kama hayupo, usidhani unaheshimiwa. Unaogopwa. Nenda ukamtafute leo, umpe ruhusa hiyo kwa kinywa chako.

Mwalimu Elkana Mwakio alifariki Jumanne iliyopita, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na sita.