Vikwapa vya Fundi Mwinjuma

Mshona vikwapa havishi bwana harusi. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, nami nilikuwapo, kwa hiyo kaeni niwaeleze. Hatibu mjukuu wangu, wewe sogea karibu zaidi, maana jirani yetu Bi Mwatumu alikutupia wewe. Nilimsikia pale barazani akikuuliza lini utakwenda chuo cha ufundi Tanga kama tajiri yako wa karakana anavyotaka, nawe ukamjibu kwamba hapa unapiga msasa vizuri, vitanda vya watu vinang'aa, na hakuna anayekusumbua. Akakupa methali yako, akachukua kikapu chake akaenda zake. Wenzako wakacheka, ingawa hawakujua wanachekea nini. Mimi sikucheka. Bwana harusi anayetajwa humo ni mimi, na mshona vikwapa ni marehemu baba yangu.

Methali hii ilianza hivi. Siku hizo hapa Pangani kanzu ilishonwa kwa mkono, na haikushonwa na mtu mmoja. Katika karakana ya Sharifu Badawi walikaa mafundi sita, kila mmoja na kipande chake. Sharifu mwenyewe ndiye aliyekata kitambaa. Wawili waliunga badani, yaani kipande cha mbele na cha nyuma. Mmoja alitia taharizi, yaani vipande vya ubavuni, mmoja alidarizi shingo kwa uzi wa hariri, na baba yangu, Fundi Mwinjuma, alishona vikwapa. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha pembe nne kinachokaa chini ya kwapa, pale mkono unapokutana na ubavu. Ni kidogo, lakini kina inda. Kikikaa upande, mtu hawezi kunyanyua mikono kuomba dua bila kanzu kumbana. Baba alikishona hata ukipapasa huupati mshono. Wateja walitoka Tanga mjini na Muheza, na swali lao la kwanza lilikuwa kama vikwapa kavitia Mwinjuma. Wakiambiwa ndiyo, walinunua bila kuijaribu.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Alikuwa na kigoda chake dirishani, penye mwanga mzuri na upepo. Muuza kahawa alijua kwamba yeye hataki tangawizi nyingi. Adhuhuri alirudi nyumbani kula, akalala kidogo, akarudi kigodani kwake. Miaka ikapita vile vile. Sisemi kwamba alikuwa mvivu, na atakayesema hivyo nitagombana naye. Alikuwa mtu aliyezoea kusifiwa, na mtu wa namna hiyo huogopa kuanza jambo ambalo atakosea mbele za watu.

Sharifu Badawi alipoona mikono yake inaanza kutetemeka, alitafuta mtu wa kumrithisha kazi. Alimtaka baba. Unguja kulikuwa na fundi mmoja aliyesifika kwa kudarizi shingo, na Sharifu alikubali kumpeleka baba huko mwaka mmoja, sisi nyumbani tukiangaliwa na yeye. Mara ya kwanza baba alisema mimi mwanawe bado mdogo. Mara ya pili alisema Ramadhani inakaribia na kazi ni nyingi. Mama akamwambia kwamba Ramadhani itakuja kila mwaka, na mwana naye hatakaa mdogo milele. Baba akasema atafikiri. Hayo ya kufikiri nanyi mnayajua.

Mara ya tatu Sharifu alimwita mbele ya mafundi wote.

"Mwinjuma, mimi nazeeka," alimwambia. "Nenda ukajifunze shingo. Ukirudi nitakufundisha kukata, na siku nikiondoka karakana hii uishike wewe."

Baba hakuinua macho kwenye sindano. "Sharifu, mimi na vikwapa tumeshazoeana," alijibu. "Huko nikakae chini na vitoto, nijichome vidole upya nikichekwa? Mpeleke Mbwana."

Alimtaja Mbwana kwa mzaha, na mafundi wakacheka. Mbwana alikuwa kijana aliyetia taharizi, na wenzake walisema mishono yake inakwenda kama kaa. Hakuwa na sifa ya kupoteza. Lakini Sharifu hakucheka, na wiki ile ile Mbwana akafunga mkeka na godoro lake akavuka Unguja.

Alirudi baada ya mwaka na nusu, amekonda, vidole vimejaa alama za sindano. Shingo zake za kwanza hazikuwa nzuri. Baba aliniletea moja nyumbani anionyeshe, nami nikacheka pamoja naye, nikidhani namheshimu baba yangu kwa kucheka. Mbwana hakujali. Alifumua, akashona, akafumua tena. Sharifu akamfundisha na kukata. Siku Sharifu alipofariki, Mbwana ndiye aliyekabidhiwa mkasi, na wala hakuna aliyeshangaa ila baba. Nami namsifu Mbwana kwa jambo moja: hakumwondoa baba dirishani. Kigoda kilibaki pale pale, na sifa za vikwapa zilibaki pale pale.

Basi nami nikakua, nikaposa, nikakubaliwa na watu wa bibi yenu Mwanahawa. Hapo ndipo ilipokuja shida. Hapa kwetu fundi alimwoza mwanawe kwa kazi ya mkono wake. Seremala alimchongea mwanawe kitanda. Msusi wa mikeka alimpeleka binti yake kwa mkeka aliousuka mwenyewe. Mshona kanzu alimvisha mwanawe kanzu aliyoikata na kuishona yeye, tangu mkasi wa kwanza hadi nyuzi za shingo. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, lakini aliyeivunja watu walimwona, na mtoto wa fundi alilisubiri vazi hilo tangu akiwa mdogo. Mimi nililisubiri. Siwafichi.

Baba alinunua kitambaa cha bafta nyeupe, nzuri, akaileta nyumbani chini ya kwapa. Mbwana alipompelekea habari kwamba yuko tayari kusaidia, baba alishukuru akakataa. Alisema amemwona Sharifu akikata kwa miaka zaidi ya ishirini, na jicho lililoona muda wote huo limeshajua. Alasiri moja alitandika mkeka uani, akanipima mara tatu, akaandika kwa chaki, akafuta, akaandika. Mama alikaa mlangoni akichambua mchele. Baba alikata badani. Kisha akakikunja kitambaa mara nne kukata shingo. Hapo penye kukunja ndipo palipo na siri ya kazi, kwa sababu kila unachokata kinakuwa mara nne yake. Mkataji anajua. Mtazamaji hajui. Baba alikata kiasi alichozoea kuona kikidondoka mkasini mwa Sharifu, lakini Sharifu alikuwa akikunja mara mbili.

Alipokikunjua, tundu lilikuwa kubwa kiasi cha kupita mabega. Alinivisha hivyo hivyo, labda akitumaini macho yanamdanganya. Kitambaa kiliteleza kikanikaa viwikoni. Mama alianza kucheka, akidhani baba naye atacheka, kisha alimtazama usoni akarudi kwenye mchele wake.

"Mwanangu Seifu," baba aliniambia, "nimekuharibia."

"Haidhuru, baba," nilimjibu. "Fundi Mbwana atanikatia nyingine."

Nilisema ili kumpoza. Wallahi nilisema kwa wema. Lakini nimeishi miaka mingi tangu siku ile, na kama ningepewa kurudisha neno moja tu mdomoni, ningerudisha hilo. Alikiokota kile kitambaa, akakikunja polepole kama kwamba bado kina kazi, akasema, "Ndiyo. Mbwana atakukatia."

Mbwana alikata nyingine, akaiunga, akaidarizi shingo kwa siku sita. Mpaka leo sijaona kanzu nzuri kama ile. Siku ya saba aliileta mwenyewe nyumbani kwetu. Hakukaa kitini, alikaa mkekani chini ya baba, akaifungua kanzu, na ndani yake mlikuwa na vipande viwili vidogo vya bafta.

"Fundi, kanzu hii haijaisha," alisema. "Vikwapa mimi sivijui kama wewe."

Kila mtu pale alijua kwamba Mbwana anavijua vikwapa vya kutosha. Baba alivipokea, akakaa navyo uani kutwa nzima, kazi ambayo siku nyingine aliimaliza kabla kahawa haijapoa. Alipomaliza, hata mimi niliyeivaa sikujua kwapa linaanzia wapi.

Siku ya harusi watu walinitazama mimi, kisha wakamtazama yeye. Baada ya kufunga ndoa, ami yake Mwanahawa, mzee mwenye heshima zake, alimshika baba mkono mbele ya hadhara nzima akampa hongera kwa kumvisha mwanawe vazi kama lile. Baba angeweza kunyamaza. Mbwana aliyekuwa karibu aliinamisha kichwa kabisa, akimwachia nafasi ya kunyamaza. Nami nilikuwa nikiomba moyoni anyamaze.

"Mshona vikwapa havishi bwana harusi," baba alisema. "Kanzu ni ya Mbwana. Yangu mimi iko kwapani, na hapo hapatazamwi na mtu."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa mzee wa kiume siku ya furaha. Maneno yakatoka na wageni, yakaingia sokoni, na kabla ya Ijumaa ya pili nilimsikia mama mmoja akimwambia hivyo mwanawe aliyekataa kwenda shule ya mbali. Hivyo ndivyo yalivyofanywa methali. Baba aliyasikia yakipita chini ya dirisha lake mpaka alipozeeka, na hakuwahi kuwaambia watu wayaache.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia. Mimi siishii hapo, kwa sababu hawakuona kilichofuata. Mwezi mmoja baada ya harusi yangu, baba, mvi zimemjaa, alikwenda kwa Mbwana akamwomba amfundishe kukata. Alikaa chini na vitoto. Walimcheka kidogo, kisha wakazoea. Mwaka haukuisha akawa anakata badani iliyonyooka, na Mbwana akaapa kwamba hajapata kuona mkono unaojifunza upesi namna ile. Mwaka wa pili akaanza kanzu nyingine. Ilikuwa ya harusi ya mjukuu wake, baba yako wewe Hatibu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Alisema safari hii hataki kuchelewa.

Shingo ilimshinda. Si kwa mkono, kwa macho. Uzi wa hariri ni mwembamba na macho yake yalikuwa yameshakwisha. Alikuwa akishona mishono miwili mitatu kwa asubuhi, akifumua mmoja. Alifika robo ya shingo, akafariki.

Kanzu hiyo imo katika sanduku langu. Baba yako hakuivaa, maana hakuna aliyethubutu kuimalizia. Nimeitoa mara nyingi nikiwa peke yangu. Badani imenyooka. Taharizi zimekaa. Vikwapa msiseme. Shingoni robo imedariziwa, safi, haina tofauti na ya Mbwana, na iliyobaki ni alama za chaki tu. Kila nikiitazama nalia, na silii kwa sababu haikuisha. Nalia kwa sababu kumbe aliweza. Miaka yote ile pale dirishani, kumbe aliweza.

Hatibu, chukua huu ufunguo wa sanduku. Usinijibu kitu sasa, wala usiniambie utafikiri. Nenda kaitoe, uitandike kitandani, uitazame shingo yake pale uzi unapoishia. Kisha ndipo uje unieleze kuhusu msasa wako. Mshona vikwapa havishi bwana harusi.