Bi Fuko na Ramani ya Mchangani

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo kale, zamani za zamani, wanyama walikuwa na mji wao kando ya mto. Njia zake zilipinda, zikapindana. Tembo akienda kunywa maji, du! du! du!, huyu kamvunjia ua, yule kamkanyagia vyungu. Wakasema, basi, tujenge barabara.

Fundi wao alikuwa Korongo. Aliruka juu, akautazama mji, akashuka uwanjani, akachora ramani mchangani kwa mdomo wake: chwa! chwa! chwa! Na mji ule ulikuwa na mila nzuri, mimi naipenda hadi leo. Ramani ilikaa siku tatu. Kila mkazi alikuja akakanyaga pale panapomuuma, akaacha unyayo. Siku ya tatu Korongo alizisoma nyayo zote, akasogeza mistari.

Kanga, mfagiaji wa uwanja, akatangaza: "Njooni mkanyage! Barabara ya Tembo itapita kati ya mto na mkwaju!"

Chini ya ardhi, Bi Fuko akashtuka. Kati ya mto na mkwaju ndiko alikochimba nyumba yake. Wanawe watatu walikuwa wamelala humo, hata macho hayajafumbuka.

"Tembo akipita hapa," akasema, "paa litawafukia wanangu."

Akachimba, akachimba, hadi uwanjani. Akaipapasa mistari kwa pua, akapajua kwake. Pu! Akainua kilima kidogo cha udongo juu ya mstari.

Asubuhi Kanga akaja. "Nani kaleta uchafu huu?" Fya! fya! fya! Akafagia.

Siku ya pili, pu! Kilima kingine. Kanga akashika ufagio. Bi Fuko akatoa pua nje.

"Dada Kanga, usifagie. Hilo ni neno langu."

"Neno gani la udongo? Mila inataka unyayo. Wewe unyayo wako uko wapi?"

"Miguu ninayo, dada, ila inafanya kazi chini."

"Basi kaseme huko huko chini!" Fya! fya! fya!

Bi Fuko alilia, jamani. Alilia kweli. Lakini akafuta pua, akarudi kuchimba. Pu! Hapa jiko. Pu! Hapa ukumbi. Pu! pu! pu! Hapa wanapolala watoto.

Siku ya tatu Korongo akaja kusoma nyayo. Kanga akainua ufagio.

"Acha!" akasema Korongo. Akaruka juu, akatazama. Lo! Vilima vile vilikuwa ramani ya nyumba nzima, na mstari wake umeipasua katikati.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Korongo hakungojewa. Alishuka mwenyewe, akainamisha shingo yake ndefu hadi mdomo ukagusa udongo.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu, fundi. Polepole tu, hapo ndipo wanapolala watoto."

"Nimeruka juu ya mji huu tangu manyoya yangu ya kwanza," akasema Korongo. "Sikujua kuna wakazi chini yake. Nisamehe, mama."

Akaufuta mstari wake kwa bawa lake mwenyewe, mbele ya watu wote. Wangapi wanaweza hilo?

Tembo akanung'unika: "Barabara itapinda!"

"Itapinda," akajibu Korongo. "Shingo yangu nayo imepinda, na samaki wanapita."

Tembo akacheka hadi masikio yakapiga pa! pa! Barabara ikajengwa, ikapinda kuizunguka nyumba ya Bi Fuko. Watoto wa Bi Fuko wakafumbua macho yao salama. Na Kanga? Tangu siku ile, kabla hajafagia, huinama akauliza ardhi: "Kuna mwenye neno?"

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: anayepanga mji awasikilize hata asiowaona. Na mwenye neno asichoke kulisema.

Hadithi yangu imefika kwenye kona ya barabara, na hapo ndipo inapoishia.