Nyimbo Tatu za Atuganile

"Nani amekuchagulia nyimbo hizi?"

Aliyeuliza ni mtahini, mama mmoja mwenye miwani aliyetumwa kutoka ng'ambo, na aliuliza kalamu ikiwa bado mkononi. Aliyeulizwa ni Atuganile, binti wa miaka ishirini na mitatu, ndiyo kwanza amemaliza kuimba. Hakujibu. Lugano, aliyekuwa kwenye piano, alitazama vidole vyake. Mwalimu Ambakisye na Mama Tusekile walikuwa nje, masikio wameyabandika mlangoni. Walilisikia swali vizuri kabisa, nao wakanyamaza. Mtahini akangoja kidogo, akaandika alichoandika, akaita mtahiniwa mwingine.

Lingejibiwa siku ile, nisingekuwa na cha kuwasumbua leo. Halikujibiwa, na sasa jibu lake lina ajira moja ndani yake, na wanaoihitaji ni watatu. Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Atakayesinzia ndiye nitakayemuuliza wa kwanza.

Katika mji wetu wa milimani, mji wa chai na ukungu, walikuwapo watu watatu wenye vipawa.

Ambakisye, mwalimu wa kwaya, alikuwa na masikio. Mweke nyuma ya ukuta, kwaya iimbe watu arobaini, atakuambia ni nani wa sauti ya pili ameamka na mafua.

Tusekile, dobi wa hospitali ya misheni, alikuwa na ulimi. Mama yake alikuwa mpishi kwa daktari Mjerumani, na yeye akakulia pale jikoni, akaokota Kijerumani kama watoto wengine wanavyookota matusi. Hajui kukisoma wala kukiandika. Anakisema tu, na anakisikia.

Lugano, mgane, mpiga kinanda wa kanisa, alikuwa na mikono. Kwenye misiba watu walimtaka yeye na si mwingine, kwa sababu kilio kikimkaba mwimbaji katikati ya ubeti, mikono ya Lugano ilimngoja.

Na Atuganile alikuwa na sauti. Ila alikuwa pia na kosa, kosa letu sisi tuliokulia kwenye mashindano ya kwaya. Kwetu kwaya inashinda kwa kupanda. Sauti ya kwanza ikipaa mpaka mabati yakatetemeka, akina mama wanapiga vigelegele na kombe linakwenda nyumbani. Kwa hiyo alipojiandikisha kwa mtihani wa uimbaji wa daraja la nane, daraja la juu kabisa, alichagua nyimbo tatu kama mtu anayechagua za mashindano: zote za juu, zote za kujionyesha. Ya kwanza ilikwenda. Ya pili sauti ikaanza kukwaruza. Ya tatu ikakatika kabisa. Alipata alama themanini na moja, na wa kufaulu anatakiwa apate mia kati ya mia na hamsini.

Mtihani huo mtu anaruhusiwa mara mbili tu. Nani aliweka sheria hiyo na kwa faida ya nani? Tuyaache. Ilibaki mara moja.

Ambakisye ndiye aliyekwenda kwao kwanza. Hakuleta kitabu. Alimkuta uani akamwambia, "Hebu waite kuku."

"Kuku, Mwalimu?"

"Kuku. Usiniimbie. Waite tu."

Atuganile akaita, chini chini, kama anavyoita kila siku. Ambakisye akafumba macho. "Hapo. Sauti yako inaishi hapo, na wewe umeifungia stoo miaka yote hii."

Akamchagulia wimbo wa zamani wa Kiitaliano, wa polepole, ambao toka mwanzo hadi mwisho haupandi kokote. Atuganile aliupitia mara moja akakunja uso. "Mwalimu, huu ni wa kulalia."

"Basi nilaze. Nikikoroma utakuwa umefaulu."

Wiki kumi alimfundisha kila alasiri, saa zile zile za mazoezi ya kwaya yake. Kwaya ikaenda mashindanoni bila mazoezi ya maana, ikawa ya mwisho. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa akamwita ofisini, akamwambia kwa upole wote, "Mwalimu, tumekuombea, na tumeona upumzike." Miaka kumi na tisa, ikaishia kwenye neno hilo, upumzike. Mshahara wa kanisa ukapumzika naye.

Wimbo wa pili, kwa sheria ya mtihani, lazima uwe wa Kijerumani. Siku moja Atuganile alipita nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali akifanya mazoezi. Dirisha likafunguliwa.

"We mtoto! Hicho ni Kijerumani au unasukutua?"

"Ni Kijerumani, mama."

"Masikini Wajerumani. Ingia."

Kitabu alichoshika Atuganile kilikuwa na nyimbo kumi na nne za Kijerumani. Tusekile hakuweza kuzisoma, basi akamwambia Atuganile amsomee moja moja, vibaya hivyo hivyo, huku yeye akipiga pasi. Kwenye wimbo wa sita, pasi ikasimama. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayekunja nguo za mtoto ambaye harudi. Anakunja, anafungua, anakunja tena.

"Huu," Tusekile akasema.

"Unaujua, mama?"

"Sijawahi kuusikia." Akakaa kwenye kikapu cha mashuka. "Lakini nguo hizo nimezikunja."

Akamfundisha neno kwa neno, na zaidi ya neno, akamfundisha mahali mwanamke yule anaposhindwa kukunja. Siku walipofika ubeti wa mwisho, Tusekile alisahau pasi juu ya magauni ya chumba cha upasuaji. Yakaungua matano. Bwana wa stoo hakupiga hata kelele. Alisema tu kwamba mashine mpya za kufulia zilikuwa njiani kuja, na kwamba hakuna haja ya yeye kungoja zifike ndipo aondoke.

Wimbo wa tatu ni wa hiari, alimradi umeandikwa kwa sauti na piano. Lugano, ambaye angempigia zote tatu, alikaa wiki mbili bila kupendekeza kitu. Mwishowe akatoa karatasi mfukoni, nota amezichora kwa mkono. Ulikuwa wimbo ambao marehemu mkewe alizoea kuuimba akipepeta maharage. Tangu wamzike hakuwahi kuupiga.

"Kaka Lugano, huu si utauharibu kwa kunipa mimi?"

"Ukikaa kwangu unaharibika vilevile. Imba."

Piano pekee inayoimba sawasawa mjini ilikuwa ya kanisa, na ufunguo wake alikuwa nao yeye. Wakafanyia mazoezi humo. Wazee wa kanisa wakamwita. "Huo si wimbo wa ibada."

"Wala mtihani si ibada," Lugano akawajibu.

Jibu lilikuwa sahihi, nalo ndilo lililommaliza. Walimruhusu amalize mtihani, kisha wakamnyang'anya ufunguo, wakamweka kijana mwenye kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe.

Siku ya mtihani Atuganile aliimba Kiitaliano bila sauti kukwaruza popote. Aliimba Kijerumani, na mtahini akavua miwani. Kwenye wimbo wa hiari, ubeti wa pili, maneno yakampotea. Yote. Mdomo ulibaki wazi. Mikono ya Lugano haikusimama: ilirudia vipande viwili vya mwisho kama kwamba vimeandikwa hivyo, ikavirudia tena taratibu zaidi, mpaka binti akavuta pumzi, akaingia. Mtahini aliandika kwamba mpangilio wa piano unavutia.

Ndipo akauliza lile swali lake.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Alama mia moja. Mia kamili, si mia na moja. Sauti ingekwaruza mahali pamoja tu kwenye Kiitaliano, amefeli. Kijerumani kingekuwa cha kusukutua, amefeli. Angekaa kimya pumzi mbili zaidi kwenye ubeti ule, amefeli. Mtu asije akaniambia fulani alichangia kidogo zaidi. Nimeigeuza karatasi ile pande zote, hakuna kidogo zaidi humo.

Sasa tatizo. Chuo cha muziki cha mji wetu, ambacho darasa lake la uimbaji lilikuwa linakaribia kufungwa kwa kukosa mwalimu, kilitangaza kwamba mwalimu wa mtahiniwa wa kwanza kufaulu daraja la nane ataajiriwa kufundisha hapo, ajira ya kudumu. Ushahidi ni fomu ya mtihani, na kwenye fomu kuna mstari: Jina la Mwalimu. Atuganile aliuacha wazi siku ya kujiandikisha, kwa sababu siku hiyo hakuwa na mwalimu. Amepewa nafasi ya kuujaza.

Aliandika majina yote matatu, akapeleka. Karani akamrudishia.

"Dada, mfumo una kisanduku kimoja."

"Basi andika wote watatu."

"Huyo Wote Watatu ana kitambulisho?"

Hata mimi nilicheka. Kisha nikaona uso wa Atuganile, nikaacha.

Mwanzoni walikuwa waungwana. Ambakisye alisema aandikwe Tusekile, Tusekile alisema aandikwe Lugano, Lugano hakusema kitu, ndiyo tabia yake. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu Tusekile alikuwa ameshakaa bila kazi mwezi wa nne, Ambakisye ameuza redio aliyosikilizia kwaya za nchi nzima, na Lugano amehamia kwa dada yake. Atuganile aliwaita wote kwao wanywe chai. Ningekuwa yeye nisingewaita.

"Tuseme ukweli," Ambakisye akaanza. "Bila mimi angepanda juu tena na kukatika tena. Niliyeijua sauti ni mimi."

"Sauti gani?" Tusekile akaweka kikombe. "Ng'ombe naye ana sauti, Mwalimu. Mtahini alivua miwani kwenye wimbo wa nani?"

"Miwani haina alama."

"Na kuku je? Mtoto alijua kuita kuku kabla hajakujua wewe!"

"Mama Tusekile, wewe hata kusoma hicho Kijerumani chako..."

"Malizia."

Ambakisye akavuta bakuli la sukari. Lugano akasema, kwa mara ya kwanza siku ile, "Maneno yalipompotea, mlikuwa wapi?"

"Nje!" wakajibu wote wawili. "Mlangoni!"

"Nje," Lugano akasema. "Basi."

Tusekile akacheka, si kicheko kizuri. "Wewe ulikuwa unampigia mkeo, kaka. Mtoto alikuwa karibu tu."

Lugano akasimama, akaaga kwa heshima, akatoka, na chai yake haijaguswa. Tangu siku ile hawasalimiani. Watu waliotoa walichonacho kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine sasa mmoja akimwona mwenzake sokoni anageukia nyanya. Atuganile naye haimbi tena, hata kuku anawaita kwa kupiga sahani.

Najua mnachotaka kusema. Kuna mjanja hapo atasema amwandike yeyote, kisha aliyepata awagawie wenzake mshahara. Mwambie Tusekile akapokee sadaka ya Ambakisye kila mwisho wa mwezi, halafu urudi unieleze alivyokujibu. Mwingine atasema apewe mwenye shida zaidi. Pima basi: Ambakisye mwenye wajukuu wanne, Tusekile mwenye uzee bila mtoto, au Lugano mwenye godoro sebuleni kwa dada yake? Wa tatu atasema amwandike mwenye kipawa cha kufundisha. Yupi? Mmoja alimfundisha aimbe wapi, mmoja alimfundisha aimbe nini, na mmoja alimfundisha kwamba akianguka kuna mtu. Na kuna atakayesema aache kisanduku wazi kwa haki. Akikiacha wazi, darasa linafungwa, na watatu wote wanakosa. Haki ya namna hiyo ni ya watu walioshiba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja wa watatu aliyetaka kazi hii alipoanza. Ambakisye alitaka kusikia sauti inayokaa mahali pake. Tusekile alitaka mtu aseme nguo zile kwa niaba yake. Lugano alitaka wimbo usife. Vyote wamevipata. Wamevipata, na vimewagharimu kila kitu, na kinachorudi ni kimoja.

Je, ungekuwa wewe ndiye Atuganile, na kalamu iko mkononi mwako, ungeamua vipi? Fomu hii hapa. Ofisi inafungwa Ijumaa saa nane mchana.

Tafadhali, nitajie jina moja.