Kiboko Aliyekula Pilau

Shauri Namba 9 la Baraza la Kata: Umiliki wa Kisima Kimoja Pamoja na Kamba Yake.

Bwana Mtupa, tajiri wa mashine za kusaga, alileta shajara ya babu yake ya mwaka 1911. Ilieleza kwamba kisima cha Bi Mkejina ni cha babu huyo.

“Mbona haimtaji kiboko aliyekula pilau ya harusi mwaka ule?” aliuliza Bi Mkejina.

“Yumo, shangazi! Ukurasa wake nimeusahau nyumbani.”

Kesho yake aliuleta: kiboko, pilau, mpaka kachumbari.

“Umeridhika?”

“Sana, mwanangu. Karani, hebu isome barua niliyokukabidhi jana kabla ya kikao.”

Karani alisoma: “Leo nitamtaja kiboko. Nimemtunga mwenyewe, jikoni.”

Kisima kilibaki kwa Bi Mkejina, pamoja na kamba yake.