Mtamba wa Elieskia na Chuma cha Ethi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana nguzo za umeme zilikuwa zimeshaanza kuinama, palikuwa na mtu milimani Upare aitwaye Elieskia. Msikilizeni vizuri, kwa sababu mwisho wa yote yeye alishindwa kuamua, na kazi hiyo amewaachia ninyi.

Elieskia alirithi nyumba ya baba yake: matofali ya kuchoma, bati lenye kutu, na nyaya za umeme zilizotambaa ukutani kama maharage. Aliipenda nyumba ile. Zaidi aliipenda akili yake mwenyewe, iliyomwezesha kuishi bila kuita fundi. Fyuzi ilipokatika, aliiunga kwa uzi wa breki ya baiskeli. Haikukatika tena, naye akajisifu. Hakujiuliza kwa nini waliotengeneza fyuzi waliitengeneza iweze kukatika.

Nyuma ya nyumba palikuwa na chuma kilichopakwa shaba, kimechomekwa ardhini, kimefungwa waya wa kijani. Mafundi hukiita ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Elieskia alikitazama miaka mingi asikione kikifanya lolote. Akamwita jirani yake Mbazi, wakakivuta huku wakicheka mpaka kikatoka. Waya wa kijani mkewe Nakijwa aliufungia mlango wa banda la kuku. Chuma Elieskia alikipigilia zizini, akamfungia hapo mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

"Huyu hata akiota mbawa hatoki," alisema.

Baadaye Elieskia na Mbazi waligombana juu ya mpaka wa shamba, wakaacha kusalimiana. Mtamba akanenepa. Ukaja msimu wa mvua.

Siku moja Nakijwa alitoka zizini, alikokuwa akikata majani ya ng'ombe kwa mashine ya umeme.

"Baba Tumsifu, mashine inaning'ata."

"Ni baridi ya chuma, Mama Tumsifu. Vaa sweta."

Alivaa sweta. Akarudi tena.

"Baba Tumsifu, inaning'ata mpaka kwenye kiwiko."

"Hiyo sasa ni miaka yako."

Nakijwa alishuka mpaka gulioni, akarudi na fundi Hatibu. Hatibu alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Mzee, shikamoo tena. Nyaya zako zimekauka, ukizigusa zinapukutika. Zote zibadilishwe. Na ethi yenu iko wapi?"

"Marahaba. Kijana, taa ya kwanza ilipowaka humu, mama yako alikuwa hajaposwa. Nyumba hii itakufundisha wewe."

Hatibu alikuwa mtu wa kununa upesi. Alifunga mkoba wake, akaondoka bila kuzima chochote. Nakijwa alimsindikiza.

"Mama," Hatibu alimwambia njiani, "mtu akinaswa, usimshike kwa mkono, utanaswa naye. Chukua mti mkavu umpige mpaka aachie."

"Nimpige?"

"Kwa nguvu."

Baadaye Elieskia alijiuliza mara nyingi kama mkewe aliyapokea mafundisho hayo kwa furaha kidogo.

Baada ya fundi kuondoka, Elieskia aliona heshima yake imeguswa. Asubuhi iliyofuata, mvua ikiwa imetoka kunyesha, alikwenda zizini pekupeku, akamwita mkewe asimame aone.

"Mashine humng'ata anayeiogopa," alisema, akaiwasha, akashika mpini.

Mkono ulifumba na kukataa kufumbuka. Elieskia alitaka kusema neno la hekima. Ilitoka sauti ya mbuzi.

Nakijwa alichukua mchi wa kinu uliokuwa umekauka jikoni, akampiga mkononi. Akampiga tena. Elieskia akaachia, akaanguka kwenye tope, na hapo akatulia kabisa. Hakuwa akipumua.

Mbazi alisikia kilio cha Nakijwa. Aliruka mpaka ule ule waliogombania, akazima swichi kuu, akapiga magoti. Zamani alifanya kazi mgodini, akafundishwa huko kumrudishia mtu pumzi. Alimkandamiza kifua, akampulizia mdomoni, akakandamiza, akapuliza, hadi Elieskia akakohoa. Kitu cha kwanza Elieskia alichokitambua duniani mara ya pili kilikuwa harufu ya tumbaku ya Mbazi.

Akiwa bado topeni, majirani wamemzunguka, akasema, "Aliyeniokoa, mtamba wangu ni wake."

Alidhani amesema jambo jepesi. Katika ukoo wao, ng'ombe wa uhai hauzwi, hachinjwi, wala hana wenyewe wawili. Anayempokea huhesabiwa kuwa amekuzaa mara ya pili, na nadhiri iliyosemwa mbele ya watu haibadilishwi.

Hatibu aliitwa tena, akaja, safari hii akinyenyekewa. Aling'oa nyaya zote, dari ikabaki wazi. Akauliza tena ethi iko wapi. Elieskia alimwongoza zizini, akamwonyesha. Hatibu alikitazama chuma, akamtazama mtamba, akamtazama mzee.

"Kumbe mliyemkinga ni ng'ombe."

Elieskia alicheka mpaka mbavu zake zilizokandamizwa zikamuuma. Ndipo Hatibu, aliyekwisha kusikia habari ya nadhiri, akasema, "Mzee, mtamba ni wangu. Bila neno langu, mama angekushika kwa mikono yake, tungechimba makaburi mawili."

"Neno lako halikunyanyua mchi," alisema Nakijwa. "Na uliona hatari, ukanuna, ukatuacha nayo. Mimi nilisimama kwenye tope lile lile. Ng'ombe wa nyumba hii nimewakamua tangu niolewe, hakuna hata mmoja aliyeitwa wangu."

"Shemeji, ulimtoa kwenye umeme, sikatai," alisema Mbazi. "Lakini ulimtoa akiwa maiti. Pumzi anayocheka nayo ni yangu, na nilimpa tukiwa hatusalimiani."

"Chuma mlikivuta wawili, shemeji."

"Na waya wa kijani, nani aliufungia banda la kuku?"

Nakijwa akageukia banda la kuku. Hatibu akaangalia viatu vyake.

Elieskia alijaribu akili yake ile ya siku zote, akaona haina uzi wa breki wa kuungia jambo hili. Akimpa Hatibu, atalala na mwanamke aliyesimama topeni kwa ajili yake, akiwa amemwambia kwamba maneno yana uzito kuliko mkono wake. Akimpa Nakijwa, Mbazi atarudi upande wake wa mpaka, na safari hii hatavuka. Akimpa Mbazi, fundi atanuna, na nyumba haina hata waya mmoja.

"Mngeniacha nife ningepata nafuu," alisema.

"Sasa hivi bado unaweza, mashine ipo," Nakijwa alimjibu.

Elieskia alimfungua mtamba, akasimama ameshika kamba, watatu mbele yake, wala hakuna aliyenyoosha mkono kuomba.

Je, kati ya mwenye neno, mwenye mchi na mwenye pumzi, nani alistahili kuondoka na mtamba?